Jinsi ya kusoma siasa na serikali ukiwa fom sikisi huku kwetu Kusini bila kukremu madesa

Mtwara kuchele wadau. Kila likizo ikifika napata madogo wa fom faivu na fom sikisi wananigongea, wa hapa Mtwara na wengine wametoka Lindi, kuna wa kombi za HGL, HKL, HGK na hata wa PCB ya sayansi maana GS (General Studies, somo la lazima kwa wote) haimuachi mtu, na swali lao ni moja tu, "kaka hizi topiki za katiba, demokrasia, utawala bora na haki za binadamu tunazisomaje, mbona maneno mengi alafu yote yanafanana?" Nimechoka kurudia kwa mdomo kwaiyo leo naandika yote hapa, atakayeuliza namtumia.

Kwanza nikiri. Mimi mtihani wangu wa kwanza wa GS fom faivu nlipata 34, yani F, alama moja tu chini ya S. Swali lilikua la demokrasia Tanzania, nikamwaga pointi 10 za desa moja (notisi za kukariri) maarufu enzi zetu, zimenyooka kama mstari wa rula, mwalimu akaandika pembeni kwa peni nyekundu "hii Tanzania ipo wapi?" Nlikasirika wiki nzima. Alafu nikarudi kusoma karatasi yangu mwenyewe nikaona kweli, ungefuta neno Tanzania ukaweka Ghana hakuna kitu kingebadilika. Sasa njia ntakayokuelekeza imetokana na ile peni nyekundu.

Hatua ya kwanza: tafuta Katiba ya Kiswahili, achana na muhtasari wa Katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 ipo bure mtandaoni, PDF, unaishusha kwenye simu ya mtu yeyote mwenye bando. Soma ya Kiswahili kwanza hata kama mtihani ni wa Kiingereza, maana ukianza na Kiingereza unapambana na lugha na somo kwa wakati mmoja na vyote vinakushinda.

Usiisome kama hadithi toka mwanzo mpaka mwisho, utalala ibara ya tatu. Anza na ibara ya 4, hapo ndipo utaona kazi za dola zimegawanywa, kuna vyombo vya utendaji, vya kutoa haki na vya kutunga sheria, viwili viwili kwa sababu ya Muungano na Zanzibar. Kisha ya 8 inayosema madaraka yanatoka kwa wananchi. Alafu ruka mpaka 12 hadi 30, haki na wajibu na mipaka yake. Baada ya hapo 33 na kuendelea ni Rais, 62 na kuendelea ni Bunge, 98 ni namna Katiba inavyobadilishwa, 107A ni Mahakama, 145 na 146 serikali za mitaa. Ukiona ibara ina herufi, mfano 46A ya Bunge kumshitaki Rais au 53A ya kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ujue hiyo imechomekwa baadae kwenye mabadiliko, haikuwepo kwenye maandishi ya 1977.

Hapa kuna mtego ambao kila mwaka unaangusha watu. Ukiulizwa elimu ni haki ya kikatiba au sio, wengi wanaandika ndio, ibara ya 11, wanafunga. Sawa ibara ya 11 inazungumzia haki ya kujielimisha, ila rudi ibara ya 7(2) usome vizuri, inasema mambo yaliyomo kwenye sehemu ile, yani malengo ya msingi, hayawezi kudaiwa mahakamani. Haki unazoweza kwenda nazo kwa jaji ni zile za ibara ya 12 mpaka 24. Hizo zenyewe ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988, kwaiyo toka uhuru 1961 tumekaa zaidi ya miaka 20 bila orodha ya haki kwenye Katiba. Mwanafunzi akiandika hicho kitu kwa sentensi tatu msahihishaji anaamka kwenye kiti.

Hatua ya pili: daftari la safu mbili

Nunua daftari la kurasa 40, chora mstari katikati, kushoto neno la Katiba la Kiswahili, kulia neno la Kiingereza la mtihani, na chini yake mfano mmoja wa kwetu. Ni hivyo tu, ila fanya kila siku maneno matatu, usifanye 50 usiku mmoja.

Maneno yanayochanganya zaidi ni nchi, dola, serikali na taifa. Watu wanayaandika kama vile ni ndugu mapacha. Mimi nlielewa kwa mfano wa mzee wetu Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi. Aliingia Ikulu 1995 akatoka 2005 akaingia Kikwete. Kilichobadilika pale ni serikali, wale watu wanaoendesha. Dola haikubadilika, mipaka ile ile, mahakama zile zile, jeshi lile lile, madeni yale yale. Ukishika hiyo hutokuja kuandika "dola ya awamu ya tano" tena.

Hatua ya tatu: chora serikali ya mtaani kwako

Hii madogo wanaidharau wanasema ni ya darasa la tano. Haya, niambie sasa hivi, mtendaji wa kata yenu amechaguliwa au ameajiriwa? Mkurugenzi wa halmashauri je? Ukisita sekunde mbili basi hatua hii inakuhusu.

Chukua karatasi, weka jina la mtaa wako au kijiji chako chini kabisa, panda juu. Kama upo Chikongola au Shangani una mtaa na mwenyekiti wa mtaa, kama upo Kitangari una kitongoji, kijiji, kata. Kila cheo andika herufi moja pembeni, C kama alichaguliwa na wananchi, T kama aliteuliwa, A kama ni mwajiriwa. Mwenyekiti wa kijiji C, mtendaji wa kijiji A, diwani wa kata C, mtendaji wa kata A, mbunge wa jimbo C, mkurugenzi T, mkuu wa wilaya T, mkuu wa mkoa T, hao wawili wa mwisho na mkurugenzi wanateuliwa na Rais. Mkoa wa Mtwara una halmashauri 9, Lindi zipo 6, kila moja ina baraza la madiwani lake.

Ukimaliza iangalie ile karatasi. Utaona C inakaa meza moja na T au A kwenye kila ngazi, diwani aliyepigiwa kura anakaa na mkurugenzi asiyepigiwa kura na ndiye mwenye sahihi ya hela. Swali zima la ugatuaji wa madaraka, yani kushusha madaraka ngazi za chini, lipo hapo, faida na matatizo yake. Hayo mabaraza na mikutano mikuu ya vijiji msingi wake ni sheria mbili za mwaka 1982, namba 7 ya mamlaka za wilaya na namba 8 ya mamlaka za miji.

Alafu nenda. Kweli nenda. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, baraza la madiwani nalo hukaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Vaa vizuri, fika mapema, mwambie mtendaji, "Shikamoo mzee, mimi ni mwanafunzi wa fom sikisi, naomba nikae nyuma nisikilize kwa ajili ya masomo." Mimi wa kwanza nliohudhuria walibishana saa nzima kuhusu choo cha soko, nikaona nimepoteza siku, kumbe ule ubishi wa nani alikula hela ya choo ndio uwajibikaji wenyewe nlikua nausoma kwenye desa bila kujua una sura gani.

Hatua ya nne: miliki kesi moja, na huku kwetu kesi ni korosho

Hii ndio roho ya mwongozo wote kwaiyo hapa ntakaa kidogo. Badala ya kubeba mifano 40 ya nusu nusu, chagua tukio moja ulijue mpaka mifupa, alafu ulitumie kwenye kila swali. Sisi Mungu ametupa msimu wa korosho wa 2018, hakuna mwanafunzi wa Dar ana mfano mzuri kama huo.

Ilianza Bungeni mwezi wa sita. Kulikua na ushuru unaotozwa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, na sheria ya korosho ilikua inasema asilimia 65 ya huo ushuru irudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao, ile ya pembejeo na sulfa ya kupulizia mikorosho, 35 iende mfuko mkuu wa serikali. Muswada wa fedha wa 2018 ukaja kubadilisha, zote ziende mfuko mkuu. Wabunge wa Kusini, mpaka wa chama tawala, wakasimama wakapinga kwa sauti. Muswada ukapita.

Mwezi wa kumi minada ikafunguliwa, bei zikatoka za chini, wakulima Tandahimba na Newala wakagoma kuuza. Wale ambao wazazi wenu ni wanachama wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, waulizeni, wanakumbuka siku. Serikali ikasema bei isishuke chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wanunuzi wakajivuta. Tarehe 10 Novemba Rais Magufuli akawaondoa waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara, siku mbili baadae akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi likaingia kusomba kwa malori. Ikafuata zoezi la kuhakiki wakulima maana ilihofiwa kuna watu wa kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima kwa bei ya kutupa, wamejichomeka, na malipo kwa wengi yakachelewa.

Sasa angalia inavyojibu maswali. Ukiulizwa mgawanyo wa madaraka, unaonyesha Bunge likitunga na Serikali ikitekeleza, lakini pia unaonyesha kwamba mawaziri waliopeleka muswada ni wabunge hao hao, ibara ya 55 inasema waziri lazima awe mbunge, kwaiyo mstari kati ya mihimili ule wa Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa aliyetaka mihimili itenganishwe, kwetu umepinda. Marekani waziri haruhusiwi kuwa mbunge, Kenya toka Katiba yao ya 2010 nao hivyo hivyo. Ukiulizwa kazi za mbunge, una wabunge walioweka jimbo mbele ya chama na ukaona mwisho wake. Ukiulizwa uwajibikaji, una mawaziri wawili nje. Ukiulizwa nafasi ya serikali kwenye uchumi, una jeshi linabeba magunia. Ukiulizwa ushirika, una stakabadhi ghalani (korosho inakusanywa ghalani alafu inauzwa kwa mnada) na vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU. Na ukiulizwa kama ilikua sawa au si sawa hapo ndipo unapima pande mbili, mkulima alipata bei iliyozidi ya mnada, ila soko lilivurugika na hela zilichelewa. Mimi nina maoni yangu, mama yangu ana yake maana gunia zake zilikua ndani, na hatujapatana mpaka leo.

Kesi ya pili ya akiba ni gesi. Mnazi Bay hapa Mtwara, Songo Songo kule Kilwa. Vurugu za 2013, Januari na tena Mei bajeti ya nishati ilipokua inasomwa, zilikua juu ya bomba la kupeleka gesi Dar. Ukiandika hii andika kwa utulivu, watu walipoteza maisha na mali, usiiandike kama stori ya kijiweni. Na kuna kitu kitamu cha kitaalamu hapa, fungua nyongeza ya kwanza ya Katiba kwenye orodha ya mambo 22 ya Muungano, utakuta mafuta na gesi asilia yamo, kilimo hakimo. Kwaiyo korosho ya Newala Zanzibar haiwahusu kikatiba ila gesi iliingia kwenye mjadala wa Muungano, na 2016 Zanzibar wakatunga sheria yao ya mafuta na gesi. Umeona? Mazao mawili ya mkoa mmoja yanakufundisha Muungano mzima.

Kwa upande wa Mahakama korosho haikusaidii, beba kesi ya mgombea binafsi, yani kugombea bila chama, ya Mchungaji Mtikila. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 1994, Katiba ikabadilishwa kuzuia, Mahakama Kuu ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha akashinda 2013. Kesi moja, mahakama tatu, miaka 19. Inatosha.

Hatua ya tano: nje ya nchi anzia Nachingwea

Siasa ya nje watu wanaisoma kama orodha ya vifupisho, OAU, SADC, EAC, mwaka huu mwaka ule. Ikiwa wewe ni wa Lindi una Nachingwea, pale FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikua na kambi ya mafunzo wakipigana na Wareno mpaka Msumbiji ikapata uhuru 1975. Na hapo hapo Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta mradi wa karanga ulioanguka vibaya ndani ya miaka michache, wakaacha reli na bandari ya Mtwara. Wilaya moja, sera ya mkoloni na sera ya ukombozi. Ongeza Daraja la Umoja juu ya Ruvuma pale Mtambaswala la 2010 una ujirani mwema. Za EAC soma kawaida kwenye kitabu, sina ujanja wa hizo.

Hatua ya sita: kuandika aya

Kila aya iwe na vitu vinne, hoja yako, ibara au sheria, tukio lenye mwaka, na doa. Doa ndio watu wanasahau, yani pale ambapo hoja yako haikai sawa. Nakuandikia moja kwa Kiswahili uone, wewe utaigeuza:

"Bunge la Tanzania lina mamlaka ya kuisimamia Serikali kwa mujibu wa ibara ya 63 ya Katiba. Mwezi Juni 2018 wabunge wa mikoa ya Kusini walitumia mamlaka hayo kupinga mabadiliko ya ushuru wa korosho. Hata hivyo muswada ulipita, jambo linaloonyesha kuwa usimamizi huo hudhoofika pale ambapo chama kinachounda Serikali ndicho chenye wabunge wengi na mawaziri nao hupiga kura Bungeni."

Sentensi tatu. Aya za namna hiyo sita zinamshinda mtu mwenye pointi 12 tupu, nimeshuhudia. Usianze na maana ya demokrasia ya Abraham Lincoln kila insha jamani, wote wanaanza nayo, msahihishaji ameshaisoma mara mia kabla ya chai.

Na ishu ya vyama. Usitukane chama, usisifie chama, hujui anayesahihisha anapenda nini na hata hatakiwi kujua wewe unapenda nini. Andika "wanaounga mkono wanasema, wanaopinga wanasema", alafu mwishoni sema wewe umeona upi una ushahidi zaidi. Mkiwa kwenye diskasheni fanyeni mchezo huu, shabiki wa chama tawala apewe kutetea upinzani na wa upinzani atetee serikali, dakika kumi kila mmoja. Siku ya kwanza mtacheka, siku ya tatu mtaanza kuandika vizuri.

Ratiba, kwa kifupi

Fom faivu mwaka mzima ni Katiba, daftari na ule mchoro. Likizo ya Desemba minada inakua bado inaendelea, nenda na baba au mama ghalani siku ya mnada, beba daftari badala ya simu. Kuanzia Januari ya fom sikisi ni pepa za nyuma tu, mtihani wa taifa kwa kawaida ni mwezi wa tano, kwaiyo una miezi minne, insha mbili kwa wiki kwa saa, sio kwa kujisikia. Weka simu ikulilie dakika 40, ikilia weka peni chini hata kama upo katikati ya neno. Alafu usisahihishe mwenyewe, mpe mwenzako wa kombi nyingine, mtu wa PCB ndio mzuri maana hana huruma na maneno matupu, akikuta sentensi ambayo ukitoa Tanzania ukaweka Ghana inabaki vile vile aipige mstari mwekundu.

Na kuhusu kauli ya "GS haihesabiwi kwenye divisheni", ni kweli pointi zinatoka masomo matatu ya kombi, ila cheti chako kitaonyesha ile F yako vizuri tu, na kama unasoma Historia haya haya ya Katiba na vyama vingi yanakurudia. Tume ya Nyalali ya 1991, ambapo wengi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee na bado vyama vingi vikarudishwa 1992, nliisomea GS, nikaja kuitumia kwenye Historia neno kwa neno.

Mwenye Katiba ya Kiswahili ya kuchapishwa anayeweza kuazima kwa madogo wa Magomeni hapa Mtwara aniambie, niliyonayo mimi ibara ya 66 hadi 80 imeliwa na panya.